Waigizaji Wawili wa Siku Moja

Huku Masinga, mahali ambapo nchi ya Machakos inateremka kuelekea mto Tana, mzee akiulizwa alizaliwa lini aghalabu hataji tarehe. Hutaja njaa. Atasema kwamba mama yake alimzaa mwaka uliofuata njaa fulani, au kwamba alikuwa mtoto wa kutambaa njaa nyingine ilipoingia. Wakamba wamezipa njaa zao majina kama watu wengine wanavyowapa majina wafalme wao. Ngomanisye ni ile ya mwisho wa karne ya 19. Nikw'a Ngwete, yaani nafa hali ninazo mkononi, ni ile ya miaka ya 1980, fedha zilipokuwapo mifukoni na nafaka ikakosekana sokoni. Wengine, hasa waliokaa karibu na maji, hupima miaka kwa bwawa: fulani alizaliwa kabla ya bwawa, fulani baada yake, nalo bwawa la Masinga lilikamilika mwaka 1981.

Ama siku na saa ya kuzaliwa, hizo huwekwa katika jina. Kioko ni wa asubuhi, Mutuku ni wa usiku, Wambua ni wa wakati wa mvua, Mwanzia alizaliwa njiani, na Wayua alikuja duniani wakati wa njaa. Majina haya ni hati za historia zitembeazo kwa miguu. Walakini msomaji asiyaamini upesi kupita kiasi, kwa maana desturi humpa mtoto jina la babu au bibi pia. Huenda Kioko wa leo alizaliwa usiku wa manane, na asubuhi iliyomo katika jina lake ikawa ni ya babu yake, miaka sitini nyuma.

Nimeyataja haya kwa sababu ya swali nililoulizwa darasani. Nilikuwa nikiandika tarehe za kuzaliwa za wanafunzi wangu katika daftari, mmoja baada ya mwingine, na darasa lilikuwa na watu 45. Wavulana wawili wakagundua kwamba walizaliwa tarehe moja ya mwezi mmoja, wakashangaa mno, wakaanza kuitana pacha. Kisha msichana mmoja akasema kwamba yeye ni wa tarehe 1 Machi, na mwenziwe wa nyuma akapaza sauti kwamba hiyo ndiyo siku ya Lupita Nyong'o, mwigizaji wa sinema. Darasa likacheka. Yule msichana hakucheka. Aliniuliza kama tarehe hiyo ina bahati yake.

Hao pacha wawili hesabu yao ni nyepesi. Watu hudhani kwamba mwaka una siku 365, basi kukutana siku moja ni jambo la nadra. Wanasahau kwamba katika darasa hatumlinganishi mtu mmoja na wenzake tu, bali kila mtu na kila mtu. Watu 23 hufanya jozi 253, na kwa jozi hizo nafasi ya kupata wawili wa tarehe moja imekwisha kupita nusu. Watu 45 hufanya jozi 990, na nafasi hiyo huzidi tisa katika kumi. Ingekuwa ajabu kubwa zaidi kama darasa langu lingekosa pacha wa namna hii.

Swali la msichana lilinichukua muda mrefu zaidi, nami nilimjibu kwa kumweleza habari za watu wawili.

Wa kwanza ni Harry Belafonte, aliyezaliwa tarehe 1 Machi 1927 katika mtaa wa Harlem, mjini New York. Wa pili ni Lupita Amondi Nyong'o, aliyezaliwa tarehe 1 Machi 1983 katika jiji la Mexico. Kati yao kuna miaka 56 kamili. Kwa kuwa kalenda yetu hurudia siku zake za juma kila baada ya miaka 28, na 56 ni mara mbili ya 28, wote wawili walizaliwa siku ya Jumanne. Kama wangalizaliwa katika nchi za Waswahili ambako mtoto hupewa jina la siku, mmoja wao angaliweza kuitwa Jumanne.

Si wao tu walio na tarehe hiyo. Mwigizaji David Niven alizaliwa tarehe 1 Machi 1910, na Javier Bardem wa Hispania alizaliwa tarehe 1 Machi 1969 huko Las Palmas, katika visiwa vilivyo mbele ya pwani ya Afrika upande wa magharibi. Wote wawili walipata tuzo ya Oscar. Habari za Niven zina funzo lake kwa mwanafunzi wa historia. Maisha yake yote alipenda kusema kwamba alizaliwa katika mji mdogo wa Uskoti, na watu wakaandika hivyo vitabuni. Alipokwisha kufa mwaka 1983, hati yake ya kuzaliwa ikaonyesha kwamba alizaliwa London. Mtu mwenyewe si shahidi mwema wa kuzaliwa kwake. Alikuwapo, ni kweli, lakini hakumbuki kitu.

Narudi kwa Belafonte. Wazazi wake walikuwa na asili ya visiwa vya Karibi, na sehemu ya utoto wake aliishi Jamaica, nchi ya mama yake. Wakati wa vita vya pili vya dunia alitumika katika jeshi la majini la Marekani. Vita vilipokwisha akawa msaidizi wa mtunzaji wa nyumba za kupanga huko New York, kazi ya kufagia ngazi na kutengeneza vilivyovunjika. Siku moja mpangaji aliyemtengenezea kitu nyumbani mwake alimpa tikiti mbili za mchezo wa kuigiza uliokuwa ukionyeshwa na kikundi cha watu weusi cha Harlem. Alikuwa hajapata kuingia katika jumba la michezo. Aliingia akiwa mfagizi, akatoka akiwa ameamua la kufanya. Katika kikundi hicho alikutana na kijana mwingine maskini kama yeye, Sidney Poitier, aliyezaliwa tarehe 20 Februari 1927, mkubwa wake kwa siku tisa. Urafiki wao ulidumu mpaka Poitier alipofariki mwaka 2022.

Sifa zilimjia Belafonte upesi. Mwaka 1954 alipata tuzo ya Tony, ambayo ni heshima ya jukwaa la Marekani, na mwaka huo huo akaonekana katika filamu ya Carmen Jones. Mwaka 1956 sahani yake ya nyimbo za Karibi iliuzwa zaidi ya nakala milioni moja, jambo lililokuwa geni kabisa kwa sahani ndefu ya mwimbaji mmoja. Baadaye alitengeneza matangazo ya televisheni yaliyompatia tuzo ya Emmy, akiwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuipata. Ningeweza kuendelea kuhesabu, lakini tuzo si sababu ya mimi kumleta Masinga.

Sababu ni barua. Mwaka 1959 Tom Mboya alizunguka Marekani akitafuta nafasi za masomo kwa vijana wa Kenya. Mboya, ingawa ni Mjaluo wa kisiwa cha Rusinga kwa ukoo, alizaliwa mwaka 1930 katika shamba la katani la Kilima Mbogo, na sehemu ya masomo yake ya utotoni aliyapata Kabaa, katika Ukambani huu huu wa Machakos. Wakati huo kijana Mwafrika wa Kenya aliyetaka elimu ya juu alikuwa na milango michache mno. Chuo cha Makerere kilikuwa Uganda, nacho kilipokea wachache. Kile cha Nairobi kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1956 tu. Vyuo vya Marekani vilikubali kuwapokea vijana, na vingine vikatoa masomo bila malipo, lakini hakuna chuo kilicholipa nauli. Serikali ya kikoloni nayo haikuifurahia safari hiyo.

Basi nauli ikaombwa kwa watu wa kawaida wa Marekani. Barua za kuomba mchango zilitiwa sahihi na watu watatu: Jackie Robinson, mchezaji wa besiboli, Sidney Poitier na Harry Belafonte. Septemba 1959 ndege ikaruka kutoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81. Kufikia mwaka 1963 vijana waliosafirishwa kwa mpango huo, wa Kenya na nchi jirani, walikaribia 800. Katika wale wa mwaka 1960 alikuwamo Wangari Maathai, ambaye mwaka 2004 alipewa tuzo ya Nobeli ya amani.

Yafaa tufikiri kidogo kwa nini mwimbaji alikubali kutia sahihi. Wakati huo Belafonte alikuwa hana haja ya kutafuta jina, na mambo ya Afrika yangaliweza kumpunguzia wateja kuliko kumwongezea. Jibu liko katika utoto wake, nalo alilisimulia mwenyewe hata uzeeni. Alipokuwa mtoto alikwenda sinema kutazama filamu ya Tarzan. Humo aliona Afrika kwa mara ya kwanza: mzungu mmoja akirukaruka mitini, mwenye akili na nguvu, na chini yake Waafrika wengi wasiojua kusema wala kufikiri. Watoto weusi wa Harlem walitoka humo wakitamani kuwa chochote duniani isipokuwa Waafrika. Filamu za namna hiyo hazikuwa chache. Hata zile zilizopigwa katika nchi yetu wenyewe miaka ya 1950, kama Mogambo ya mwaka 1953, ziliwatumia watu wetu kuwa sehemu ya mandhari, pamoja na wanyama. Poitier naye alikuja Kenya kupiga filamu ya Something of Value, iliyotoka mwaka 1957, akacheza Mkikuyu aliyeingia Mau Mau. Huyo angalau alikuwa mtu, mwenye jina na hasira na mtoto, ijapokuwa mwigizaji wake alitoka ng'ambo ya bahari.

Kuna na jambo la wimbo. Mwaka 1965 Belafonte na Miriam Makeba wa Afrika Kusini walitoa sahani ya pamoja, na ndani yake wakaimba Malaika, kwa Kiswahili. Sahani hiyo ilipata tuzo ya Grammy mwaka 1966. (Ni nani aliyeutunga wimbo huo, Fadhili William wa Taita au Adam Salim, watu wamegombana tangu zamani, nami sitauingia ugomvi huo hapa.) Na mwaka 1985, njaa ilipoiangamiza Ethiopia, ni Belafonte aliyetoa shauri kwamba waimbaji wa Marekani wakusanyike waimbe wimbo mmoja na mapato yake yaletwe Afrika. Wazee wa Masinga wanaozihesabu njaa zao kwa majina watauelewa mwaka huo bila maelezo yangu.

Mtoto wa tarehe 1 Machi wa pili alizaliwa huko Mexico kwa sababu baba yake, Peter Anyang' Nyong'o, alikuwa akifundisha chuoni huko. Mjaluo, kama Mkamba, humpa mtoto jina kulingana na hali ya kuzaliwa kwake; na kwa kuwa hali yenyewe ilikuwa ni ya Mexico, wazazi wakamwita Lupita, jina la Kihispania litokalo katika Guadalupe. Kwa hiyo jina lililodhaniwa na wengi kuwa la kigeni limetolewa kwa desturi ya Kiafrika halisi. Na lile la pili, Amondi, ni jina la Kijaluo la msichana azaliwaye alfajiri. Ni ndugu wa Kioko wetu. Kalenda inatuambia Jumanne, tarehe 1 Machi. Jina, kama si la kurithi, linatuongezea saa.

Alirudishwa Kenya angali mtoto mchanga, akakulia Nairobi. Alipokuwa na miaka 14, kikundi cha Phoenix Players cha Nairobi kilimpa nafasi ya Juliet katika mchezo wa Shakespeare. Baadaye alisoma Marekani, akafanya kazi ya mikono nyuma ya kamera katika filamu ya The Constant Gardener iliyopigwa Kenya, na mwaka 2009 akatoa filamu yake mwenyewe, In My Genes, juu ya maisha ya watu wenye ualbino katika Kenya. Napenda wanafunzi waijue hiyo filamu ya mwisho kuliko zile zenye mapambo mengi, kwa sababu aliitengeneza kabla hajajulikana, na hakuna aliyemlazimisha. Mwaka 2012 alihitimu katika shule ya uigizaji ya chuo kikuu cha Yale. Mwaka uliofuata ulimwengu ukamwona katika 12 Years a Slave, filamu iliyoongozwa na Steve McQueen, Mwingereza mweusi.

Hapa ndipo njia za wale wawili zinapokaribiana. Januari 2014 wachambuzi wa sinema wa New York walimpa McQueen tuzo ya mwongozaji bora kwa filamu hiyo, na aliyechaguliwa kumkabidhi ni Belafonte, mzee wa miaka 86. Alisimama akasimulia tena habari za Tarzan. Alizitaja na filamu nyingine za kale zilizowadhihaki watu weusi, kisha akamshukuru McQueen kwa kuweka juu ya kitambaa cheupe mambo ambayo yeye alikuwa ameyangoja tangu utoto. Tarehe 2 Machi 2014, siku moja baada ya kutimiza miaka 31, Lupita Nyong'o alipewa tuzo ya Oscar kwa nafasi yake katika filamu hiyo, akawa Mkenya wa kwanza kuipata kwa uigizaji. Novemba ya mwaka huo huo wenye tuzo hiyo hiyo wakampa Belafonte Oscar ya heshima kwa kazi zake za utu. Naye, kati ya ushahidi wa utu wake, zile barua za mwaka 1959 hazikosi kuhesabiwa.

Nikiishia hapo, msichana wangu angesema kwamba tarehe hiyo ina bahati kweli kweli. Lakini tumtazame huyo mtu ambaye Lupita alimwigiza. Jina lake ni Patsey. Hakubuniwa, alikuwa mtumwa katika shamba la pamba la Louisiana, na habari zake zimo katika kitabu alichotoa Solomon Northup mwaka 1853, baada ya kuokoka utumwani. Northup anatueleza kwamba hapakuwa na mtu wa kumshinda Patsey kwa kuchuma pamba. Anatueleza na mapigo aliyopigwa. Siku aliyozaliwa haijulikani. Watumwa waliandikwa katika daftari za mali, pamoja na nyumbu na majembe, na mwenye mali alihitaji kujua umri wa kukisia na bei, siyo siku. Frederick Douglass, mtumwa aliyetoroka akawa mnenaji mashuhuri, aliona uchungu kwamba watoto wa kizungu walijua siku zao na yeye hakuijua yake; mwishowe akajichagulia tarehe 14 Februari.

Hiyo ndiyo tofauti ya kweli kati ya mtoto wa Jumanne ya mwaka 1983 na mwanamke aliyemwigiza, na haikutoka katika nyota. Hata hapa kwetu karani wa kikoloni alipowaandikia watu vipande vyao, mara nyingi alikisia mwaka kwa kumtazama mtu usoni. Sisemi kwamba mambo hayo mawili ni sawa, maana mzee wa Masinga alikuwa na njaa yake, mvua yake na jina lake, na jamaa waliokumbuka. Patsey alikuwa na mama, na mama alijua. Lakini hapakuwa na aliyemwuliza.

Wala hatuna haki ya kuunganisha vitu kwa uzi usiokuwapo. Baba yake Lupita hakusafiri kwa ndege za Mboya. Alisoma Makerere, kisha Chicago katika miaka ya 1970. Belafonte hakumfundisha Lupita kuigiza. Alichofanya ni kutumia jina lake, wakati lilipokuwa na nguvu, kuwafungulia njia vijana wa Kenya asiowajua, na kusema wazi kwa miaka sitini kwamba Afrika ya sinema ilikuwa uongo. Lupita, kwa upande wake, amecheza mjane Mganda mwenye kuuza mboga na kulea watoto katika Queen of Katwe, mwaka 2016, na mwaka huo huo akasimama jukwaani Broadway katika Eclipsed, mchezo juu ya wanawake wa vita vya Liberia, ulioandikwa na Danai Gurira, mwenye asili ya Zimbabwe. Katika kazi hizo Mwafrika si mandhari tena. Kama wangalizaliwa mmoja Machi na mwingine Oktoba, neno moja la habari hii lisingebadilika, isipokuwa kwamba mimi nisingefikiria kuwaweka pamoja. Tarehe ilinipa mahali pa kuanzia kutafuta. Yaliyobaki yalikuwa kazi ya watu.

Tarehe 1 Machi 2023 Belafonte alitimiza miaka 96, na Lupita Nyong'o miaka 40. Tarehe 25 Aprili ya mwaka huo Belafonte akafariki nyumbani kwake New York.

Nilipomaliza kusimulia, nilimwuliza yule msichana kama anajua saa aliyozaliwa. Alifikiri kidogo, akasema kwamba hati yake haisemi, lakini jina lake la nyumbani ni la usiku, naye hakumbuki kama ni lake mwenyewe au la kurithi. Aliahidi kwamba Jumamosi atakwenda kumwuliza nyanya yake.